Twende Lyamungu Tukajifunze Urithi wa Kahawa

Ndugu msomaji, leo tusafiri pamoja. Hatuendi mbali. Tunatoka Moshi mjini, tunapanda mlima Kilimanjaro mpaka Lyamungu. Tuondoke asubuhi, kwa sababu mchana mawingu hufunika Kibo.

Tunaanzia kwenye mnara wa saa. Tunashika barabara ya Arusha, halafu tunakata kulia. Huku chini kuna joto, na mashamba ni ya mahindi na maharage. Tukizidi kupanda, hewa inapoa. Sasa tunaingia kwenye vihamba. Juu kuna kivuli cha miringaringa. Chini yake kuna migomba. Katikati ya migomba kuna mibuni. Mipakani kuna masale. Maji yanapita katika mifereji waliyochimba wazee wetu.

Kabla hatujafika, simama kwenye kihamba hiki. Nitakueleza kosa langu.

Miaka kadhaa iliyopita, mzee wa kihamba hiki alikuwa na mibuni michache ya chotara. Mibuni hiyo haikuugua chulebuni. Siku moja aliniuliza: "Bwana shamba, buni hizi zilizoanguka chini ya chotara, naweza kuziotesha?"

Nilikuwa na haraka. Nikamjibu: "Otesha, Mzee. Mbegu ni mbegu."

Aliotesha. Aling'oa mibuni ya zamani, akapanda miche yake. Alingoja miaka mitatu. Miti ikazaa. Mingine ilikuwa mizuri kama mama yake. Lakini mingine, mvua za masika zilipokuja, buni zake mbichi zilipata mabaka meusi, zikaanguka. Hiyo ndiyo chulebuni. Mzee alinishika mkono, akaniuliza: "Mwanangu, hii yote ni watoto wa mti mmoja. Mbona mingine inaugua?"

Sikuwa na jibu. Ada ya shule ya mjukuu wake ilitegemea kahawa ile. Niliona aibu. Ndipo nikapanda kwenda Lyamungu kuuliza.

Kituo cha utafiti cha Lyamungu kilianzishwa mwaka 1934. Leo ni makao ya Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI, iliyoanza mwaka 2001. Nilichojifunza huko ni hiki.

Kila mmea una maagizo ndani yake. Maagizo hayo huitwa vinasaba. Ndiyo yanayoamua kama mti utakuwa mrefu au mfupi, kama utaugua au hautaugua. Vinasaba hukaa viwili viwili. Kimoja hutoka upande wa baba, yaani kwenye chavua ya ua. Kimoja hutoka upande wa mama. Wakati mwingine kimoja kina nguvu, na kingine hujificha. Kilichojificha hakifi. Kinaweza kutokea tena kwa mjukuu. Ndiyo maana mtoto anaweza kufanana na bibi yake kuliko mama yake.

Mtawa mmoja, Gregor Mendel, alichunguza jambo hili kwa njegere huko Brno, mji ulio katika nchi ya Cheki ya leo. Alitangaza kazi yake mwaka 1866. Alichanganya njegere ndefu na fupi. Watoto wote wakawa warefu. Kisha akapanda mbegu za watoto hao. Akapata mirefu 787 na mifupi 277. Ufupi ulikuwa umejificha tu. Katika kila wajukuu wanne, karibu mmoja aliurudisha.

Jaribu mwenyewe. Weka haragwe jekundu moja na jeupe moja katika mfuko. Fanya hivyo katika mfuko wa pili. Bila kutazama, toa moja kila mfuko. Andika, rudisha, toa tena. Mara nyingi utapata angalau jekundu moja. Lakini mara nyingine utapata meupe mawili. Sasa sema jekundu ni kinga ya ugonjwa, na jeupe ni kukosa kinga. Hivyo ndivyo mbegu za chotara zinavyogawana urithi. Na katika kahawa mchanganyiko ni mkubwa zaidi, kwa sababu vinasaba vya kinga ni vya namna nyingi.

Utauliza: mbona wazee wetu waliotesha buni na hawakupata shida hii? Aina zao, kama N39, zilikuwa na vinasaba viwili vinavyofanana. Tena ua la kahawa yetu ya arabika mara nyingi hujichavusha lenyewe. Kwa hiyo watoto walifanana na mama. Lakini pia walirithi udhaifu wake mbele ya chulebuni. Chotara ana wazazi wa aina mbalimbali. Ndiyo nguvu yake, na ndiyo sababu watoto wake hutofautiana.

Sasa tazama mgomba. Hatupandi mbegu yake, tunapanda chipukizi. Chipukizi ni kipande cha mama. Mchare huzaa mchare. Wataalamu hufanya vivyo hivyo kwa kahawa. Hukata vikonyo vya chotara na kuviotesha, na kila mche huwa sawa na mama. Lakini kumbuka, mimea iliyo sawa huugua sawa. Usipande aina moja tu shamba zima.

Nilirudi kwa yule mzee, nikamwomba radhi. Hatukung'oa mibuni yake iliyokuwa ikiugua. Tuliikata, tukabebesha vikonyo vya chotara juu ya mashina yake. Alipoteza miaka, lakini mizizi ilibaki. Leo mashina yale yanazaa buni safi. Ukipita hapa atakukaribisha mbege na kukusimulia yote, pamoja na kosa la bwana shamba.

Mambo ya kukumbuka:

1. Usioteshe buni zilizoanguka chini ya chotara.
2. Nunua miche ya chotara kwenye vitalu vinavyotambuliwa na wataalamu.
3. Bwana shamba au bibi shamba akikujibu kwa haraka, muulize mara ya pili.