Matofali ya Watoto Wetu



Ni nadra humu ugenini kuikuta nyumba yenye watoto isiyo na matofali ya plastiki yaliyotapakaa sakafuni. Mzazi aendaye kutawadha Alfajiri bila viatu huyajua kwa nyayo zake.

Mwaka 1932, seremala Ole Kirk Christiansen wa Billund, Denmark, alianza kutengeneza vitu vya kuchezea vya mbao. Mwaka 1934 akachagua jina LEGO, kutokana na maneno ya Kidenmark yenye maana ya "cheza vyema". Matofali ya plastiki yalikuja mwaka 1949, lakini yalikuwa matupu ndani, hayakushikana barabara. Januari 1958 mwanawe, Godtfred, aliombea haki ya uvumbuzi tofali lenye vinundu juu na mirija ndani. Tangu hapo kipimo hakikubadilika: tofali la mwaka ule hushikana na la leo.

Kilichobadilika ni uchezaji. Zamani masanduku mengi yalikuwa na matofali ya kawaida tu, na mtoto ndiye aliyeamua yawe nini. Mwaka 1978 wakaja vijitu vya uso wa manjano; mwaka 1999, masanduku ya filamu ya Star Wars. Leo masanduku mengi yana chombo kimoja cha kujengwa kwa kufuata kitabu, kisha kikawekwa juu ya rafu. Ilhali matofali 6 tu ya vinundu 8, yenye rangi moja, huungana kwa njia zaidi ya milioni 915!

Mjukuu wangu aliniambia siku moja, "Babu, siwezi kujenga, kitabu kimepotea." Tukayamwaga yote katika sinia, nikamweleza nyumba ya mama yangu kule Ng'ambo, Unguja: baraza mbele, ukumbi, ua na kisima. Akaijenga. Bawa la chombo cha angani likawa paa. Kisha akauliza, "Na hapa barazani alikuwa akikaa nani?" Tukazungumza hadi adhana ya Magharibi.

Wazazi wenzangu, vitabu vile vina faida; hufunza subira na uangalifu. Lakini japo mara moja kwa juma, changanyeni masanduku. Watoto waliozaliwa huku hawakuziona nyumba zetu, wala hazimo katika kitabu chochote cha dukani. Wa kuwaeleza ni sisi, maadamu tungali hai.

Wabillahi tawfiq.