Mzee Asiyelia Mlangoni pa Hospitali

Mtu aliyetimiza miaka 85 leo hapa Bambu alizaliwa zamani za Wabelgiji. Alikuwa kijana ilipokuja Uhuru mwaka 1960, akayaona maasi ya mwaka 1964, akaviona vita vya Ituri vya miaka 1999 hadi 2003, na tena machafuko yaliyoanza mwezi wa Desemba 2017. Mtu wa namna hiyo aghalabu hana cheti cha kuzaliwa. Akifikishwa hospitalini kwa ghafula, muuguzi auliza miaka yake, na jamaa watazamana. Tusione haya kuihesabu kwa mambo yaliyotukia: je, ilipokuja Uhuru alikuwa ameoa, au alikuwa bado mtoto wa kuchunga mbuzi? Jibu hilo si la kupoteza wakati. Figo za mkongwe hazisafishi damu upesi kama za kijana, na mganga hana budi kuyajua hayo kabla ya kupima dawa.

Lakini liko neno moja la jamaa ambalo lawadhuru wazee kuliko kukosa cheti. Nalo ni hili: “Ni uzee tu.” Babu amekataa chakula tangu jana: ni uzee tu. Bibi hamtambui mjukuu wake: ni uzee tu. Twalisikia nyumbani, na hata mlangoni pa hospitali, na mara nyingine (tuseme kweli) hata kinywani mwa mwenye koti jeupe.

Twakumbuka bibi mmoja aliyepita miaka 80, aliyeletwa kwa pikipiki katika hospitali moja ya nchi yetu, amebanwa katikati ya dereva na mjukuu wake ili asianguke. Chumba cha dharura kilikuwa kimejaa. Mtoto mmoja alikuwa akilia kwa degedege, kijana mmoja alikuwa akitoka damu mkononi, nao wakashughulikiwa kwanza, kama ilivyopasa. Ila baada yao wakapita na wengine waliokuja kwa miguu yao wenyewe, kwa kuwa walijua kulalamika. Bibi alikaa benchini kimya. Mwanawe wa kiume, aliyeulizwa habari zake, akajibu lile neno tulilolitaja. Ndipo msichana mdogo aliyemshika bibi mkono aliposema: “Juzi alikuwa anachambua maharage na kunicheka. Leo hanijui jina.” Muuguzi akageuka, akahesabu pumzi za bibi, akazikuta nyingi mno. Alikuwa na kichomi. Mwili wake haukuwa na moto hata kidogo.

Hilo ndilo tunalotaka lijulikane katika kila nyumba. Mkongwe aweza kuwa na kichomi pasipo homa. Aweza kushikwa na ugonjwa wa moyo pasipo maumivu ya kifua, akawa amechoka tu na kukosa pumzi. Hata kiu hupungua kwa uzee, hivyo mwili hukauka naye haombi maji. Mara nyingi dalili ya kwanza ni akili kuchafuka: aweweseka, au alala mchana kutwa, au aanguka asipozoea kuanguka. Usahaulifu wa uzee huja polepole kwa miaka. Ule unaokuja kwa siku moja au mbili una sababu yake, na mara nyingi sababu hiyo yatibika.

Basi mganga atajuaje jinsi mtu alivyokuwa juzi? Chombo chake hakimwambii. Twaa mfano wa shinikizo la damu. Kipimo cha 110 ni chema kwa kijana. Bali kwa mzee aliyezoea 160 chaweza kuwa alama ya hatari kubwa. Aliyeyaandika hayo 160 katika daftari la zahanati ameokoa saa nzima. Nasi twajua kwamba daftari nyingi za watu wa Djugu ziliteketea pamoja na nyumba. Kwa hiyo shahidi aliyebaki ni yule aliyelala chumba kimoja na mzee. Huyo ndiye apande pikipiki, hata akiwa mtoto wa miaka 12, wala si yule mwenye viatu vizuri. Achukue dawa zote zilizomo nyumbani, na za majani pia, bila kuficha. Ikiwa mzee husema Kilendu au Kinyali tu, huyo atakuwa mkalimani wake.

Na mzee mwenye kukohoa aulizwe kazi aliyoifanya. Dhahabu iligunduliwa nchi hii ya Kilo mwaka 1903, na wengi walikula vumbi la mawe kwa ajili yake. Vumbi hilo hukaa mapafuni miaka mingi baada ya mshahara wa mwisho kuliwa.

Twajua pia kwamba njia si salama siku zote. Msafara wa shirika la Médecins Sans Frontières ulishambuliwa Ituri mwezi wa Oktoba 2021, na mwaka uliofuata shirika hilo likaacha kazi yake katika kanda za afya za Bambu na Nizi. Watu wakikimbia, mkongwe hubaki nyuma, au hubebwa mgongoni akavunjika nyonga akiangushwa. Mguu wake ukionekana mfupi kuliko mwenzake, na unyayo umegeukia nje, asisimamishwe. Alazwe juu ya ubao, achukuliwe hivyo hivyo.

Kumwita Padre ni vyema, tena mapema. Ila asiitwe badala ya muuguzi.

Akiisha kulazwa, ageuzwe ubavu kila baada ya saa mbili, asije akatoka vidonda, naye apewe uji na maji kidogo kidogo akiwa ameketi. Siku ya kuruhusiwa, maagizo ya dawa aambiwe yule atakayepika uji huo. Mara nyingi twaona karatasi yatiwa mfukoni mwa yule aliyelipa, naye huenda zake machimboni, asionekane nyumbani hata Jumapili.