Kwangu Inafanya Kazi

Wenzangu, juzi mdogo wetu mmoja aliniuliza, "Kaka, hiyo kutengeneza paketi za Linux ni nini? Si ucopy tu faili kwa flashi iishe?" Nilitaka kumjibu haraka haraka, nikanyamaza. Jibu langu la kweli lina aibu ndani yake. Basi acha niliandike hapa mara moja, kila mtu asome.

Mnaonijua mnajua nilivuka mpaka wa Busia mapema 2008, nikiwa na miaka sita, baada ya vurugu za uchaguzi Kenya. Tulikaa Mulanda, wilaya ya Tororo, halafu mwaka huohuo tukahamishiwa Kiryandongo. Nimerudi Busia nikiwa mtu mzima, kwa baba mdogo anayetengeneza simu na redio upande wa Uganda. Kwenye meza yake ndiko nilijifunza Linux. Wala sikuichagua kwa mapenzi: laptopu tulizopewa zilikuwa kuukuu, hazikubali kitu kizito, tukaziwekea Debian kwa sababu ni ya bure na ni nyepesi.

Kikundi chetu cha akiba kinakutana kila Jumamosi. Niliandika kaprogramu kadogo cha Python cha kuhesabu michango, mikopo na faini. Kalikuwa kwenye laptopu tatu: ya kwangu, ya mweka hazina, ambaye wote tunamwita Shangazi, na ya wenzetu wa Tororo. Hapo ndipo maswali yalianza, nami sikuwa na mtu wa kumuuliza.

Swali la kwanza: paketi ni nini? Mtu wa Busia haelezwi sana. Lori likifika mpakani haliulizwi mzigo peke yake, linaulizwa na makaratasi: umebeba nini, ni cha nani, kinatoka wapi. Paketi ya Debian, ile faili inayoishia na .deb, ni programu pamoja na makaratasi yake. Unapoijenga unakuwa na folda inayoitwa debian. Ndani kuna control, yenye jina la paketi, jina la mtunzaji na orodha ya vitu inavyotegemea. Kuna changelog, yenye namba ya toleo na kilichobadilika. Kuna copyright, ya leseni. Na kuna rules, inayoeleza jinsi ya kuijenga. Ukicopy faili kwa mkono, kompyuta haijui kama kile kitu kipo, ni toleo gani, wala kitatolewaje. Ukiweka paketi, inajua yote.

Swali la pili: mbona kwangu inafanya kazi, kwa mwingine haifunguki? Nilipeleka paketi ya kwanza Tororo, nikalipa nauli, nikaiweka, nikabonyeza. Kimya. Kumbe kwenye kompyuta yangu nilikuwa nimeshaweka python3-tk zamani, ile inayochora madirisha, nikasahau. Kwenye mstari wa Depends niliandika python3 peke yake. Tangu siku hiyo sijaribu paketi kwenye mashine yangu iliyojaa kila kitu. Naijenga na kuijaribu kwenye mazingira matupu, kwa kutumia sbuild au pbuilder, ambamo hakuna kitu isipokuwa kile nilichokitaja. Kama nimesahau kitu, inanikatalia mimi kabla haijamwaibisha mtu wa Tororo.

Swali la tatu ndilo lenye deni. Programu yangu ilikuwa na kosa: faini ya kuchelewa ilihesabiwa mara mbili. Nililiona, nikarekebisha mstari mmoja, nikaijenga paketi upya, nikaweka kwenye flashi, nikampa kijana aizungushe. Lakini sikugusa changelog. Toleo lilikuwa 1.0-1, likabaki 1.0-1. Kijana akaandika apt install, kompyuta ikamjibu kwamba toleo jipya kabisa tayari lipo. Akaniambia, "Imekubali." Nikaamini.

Siku ya mgao, kompyuta ya Shangazi ikasema sanduku linatakiwa liwe na shilingi 46,000 zaidi ya zilizomo. Chumba kilinyamaza. Mzee mmoja akasema, polepole, kwamba kompyuta haina tumbo, haili pesa. Kila mtu alielewa. Shangazi hakujibu kitu. Alifunga leso yake vizuri, akaanza kuhesabu tena noti, mikono inatetemeka. Huyu ni mama aliyetunza pesa zetu kwa daftari miaka kadhaa bila shilingi kupotea.

Nilifungua laptopu yake, nikaandika dpkg -l, nikaona 1.0-1. Hiyo namba haikuniambia kitu, kwa sababu ya kwangu nayo ilisema 1.0-1. Ilibidi nifungue faili zote mbili nizilinganishe. Yake ilikuwa ile ya zamani, yenye kosa. Nikasimama nikasema mbele ya watu: pesa zipo zote, kosa ni langu. Tukahesabu upya kwa daftari, zikaenea. Mzee aliomba msamaha. Lakini Shangazi aliniambia nje, "Mwanangu, ungechelewa siku moja, jina langu lingekuwa limeshafika Malaba."

Kwa hiyo, mdogo wangu, namba ya toleo si pambo. Ile 1.0 ni toleo la programu yenyewe. Ile 1 baada ya kistari ni toleo la ufungaji wako. Ukibadilisha chochote, andika dch, panda namba, eleza ulichofanya. Hata kama ni mstari mmoja.

Swali la mwisho, ambalo wengi mnaniuliza inbox: wanataka kitambulisho? Kuanza, hapana. Kasoro za Debian zinaripotiwa kwa barua pepe tu, na unaweza kutuma marekebisho hivyohivyo. Ukitengeneza paketi, unatafuta mdhamini ambaye ni mwanachama, anaikagua na kuipandisha. Kuna hata orodha ya paketi zinazoitwa yatima, ambazo watunzaji wake wameziacha, zinangoja mtu. Ukitaka uanachama kamili, hapo ufunguo wako wa kielektroniki unasainiwa na wanachama wengine, na kwa kawaida huwa wanakutana nawe na kuangalia kitambulisho. Kwa sisi hapo pana mlima, sitawadanganya. Lakini kazi nyingi iko kabla ya mlima huo. Na Kiswahili si kigeni huku: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice tangu 2004.

Anza hivi: andika apt source hello. Ni paketi ndogo iliyowekwa kwa ajili ya kujifunza. Isome, ibadilishe, ijenge, ivunje.

Na ninyi mnaotuletea kompyuta, asanteni kwa dhati. Ila mkija tena, ulizeni pia nani atazitunza mradi ukiisha, na mpeni huyo mtu bando na muda.

Shangazi bado ndiye mweka hazina. Kila Jumamosi, kabla hajafungua sanduku, ananiuliza, "Leo tuko namba ngapi?" Wiki hii ni 1.2-3.