Miaka miwili ya figo, upepo na ndoo za maji



Kila nikikaa na wenzangu barazani, swali huwa ni lile lile: ulikuwa daktari tayari, miaka miwili yote ile Cape Town ulikuwa unasoma nini tena? Wengine hudhani nilikwenda kutembea tu, maana picha nilizokuwa nikituma nyumbani zilikuwa za mlima na bahari. Leo nataka niwajibu kwa kirefu, kwa sababu jawabu yake inawahusu na nyinyi, hasa mlio na wazazi wenye presha au sukari.

Nilikuwa nimeshamaliza udaktari na ubingwa wa magonjwa ya ndani. Kilichobaki ni kile kinachoitwa ubingwa bobezi, yaani kukaa na kiungo kimoja tu mpaka ukijue. Mimi nilichagua figo kwa sababu ya shangazi yangu. Figo zake zilipokufa, huduma ya kusafisha damu ilikuwa bado haijafika kwetu Unguja. Mashine ni mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara, na hakuna mtu mgonjwa anayeweza kupanda boti kwenda Dar na kurudi mara tatu kwa wiki. Kwa hiyo alihama. Alipanga chumba kimoja karibu na hospitali, akaacha nyumba, wajukuu na mikarafuu, na huko huko ndiko alikomaliza siku zake. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Kiungo kisicholalamika

Figo ni mbili, kila moja ina ukubwa wa ngumi. Ndani ya kila moja mna vichujio vidogo karibu milioni moja. Kwa siku nzima figo zinachuja kiasi cha lita 180 za maji kutoka kwenye damu, karibu zote zinarudi mwilini, na kinachotoka ni lita moja au mbili za mkojo. Kazi hiyo inakwenda umelala, unapika, unasali, na wewe huna habari nayo.

Balaa ni kwamba figo ikiumwa pia inaumwa kimya kimya. Watu wengi kwetu wakipata maumivu ya kiuno ndipo wanasema "figo hizo". Mara nyingi kiuno kina mambo yake mengine, na figo zinazoharibika kwa presha au sukari haziumi kabisa. Mtu anaweza kupoteza zaidi ya nusu ya nguvu ya figo zake na bado anakwenda harusini na kucheza ngoma.

Mji wa upepo

Nilifika Cape Town Januari 2017, kiangazi chao. Kitu cha kwanza kilichonipokea ni upepo wa kusi-mashariki. Wenyeji wanauita "daktari wa Cape", kwa kuwa wanaamini unafagia uchafu wote wa mji. Mimi ulinifagia buibui mpaka nikajifunza kutembea na pini nne badala ya mbili.

Nilikaa nyumba moja na daktari wa kike kutoka Malawi, naye kaja kusomea figo kama mimi. Yeye Jumapili kanisani, mimi Ijumaa msikitini, na siku nyingine zote sote wawili wodini. Asubuhi tulipanda teksi zao, ambazo ni kama daladala zetu, huku utingo akitoa kichwa dirishani anapiga kelele "Mowbray! Kaap!" Mwenzangu alikuwa akisema kelele zile tu ndizo zinazomkumbusha nyumbani.

Mimi nyumbani nilikuta Bo-Kaap. Ni mtaa ulio chini ya mlima, nyumba zake za rangi, na una msikiti wa Auwal ulioanzishwa mwaka 1794. Wazee wa Waislamu wa pale waliletwa na Waholanzi, wengine watumwa na wengine wafungwa, kutoka visiwa vya Indonesia ya leo, India, Madagascar na hata upande wetu wa Afrika. Jumapili asubuhi watu wanapeleka bakuli kwenda kununua koesister, maandazi ya viungo yaliyochovywa shira na kunyunyiziwa nazi. Na ukienda kwao kwenye shughuli huachiwi kuondoka mikono mitupu. Unafungiwa chakula cha kwenda nacho, na chakula hicho wanakiita "barakat". Wallahi siku ya kwanza nilipofungiwa nililia ndani ya teksi.

Ndoo na mashine

Mwaka wa pili mvua zilikuwa zimeshakataa kwa muda mrefu na mabwawa yakakauka. Kuanzia Februari 1, 2018 kila mtu aliambiwa asizidishe lita 50 za maji kwa siku: kuoga, kupika, kufua, choo, yote humo humo. Watu walihesabu siku ya mabomba kufungwa. Tulioga tumesimama ndani ya beseni, na maji yale yale ndiyo ya kumwagia chooni. Mimi mtoto wa kisiwani, niliyewahi kubeba ndoo kichwani, sikupata shida sana. Mwenzangu wa Malawi naye alicheka tu. Walioteseka ni wale waliozaliwa na bomba ndani.

Lakini wodini hesabu ilikuwa nyingine. Mashine ya kusafisha damu hupitisha kiasi cha nusu lita ya maji safi kwa dakika. Kwa saa nne ni lita 120, na hapo hujahesabu yanayomwagwa wakati wa kuyachuja. Mgonjwa mmoja, kikao kimoja, anatumia zaidi ya maji ya watu wawili kwa siku. Na mgonjwa huyo mwenyewe haruhusiwi kunywa ila kidogo, mara nyingi nusu lita hivi juu ya kile anachokojoa. Nilikuwa nikimwangalia mtu ananyonya kipande cha barafu, huku nyuma yake maji yanakwenda. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba figo mbili za bure alizotupa Mola hazina mbadala wa rahisi.

Kikao cha kila wiki

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo hasa nililosomea, ingawa halimo kwenye cheti.

Afrika Kusini hospitali za umma hazina nafasi za mashine kwa kila anayehitaji. Katika jimbo lile nafasi hupewa kwanza wale ambao wanaweza baadaye kupandikizwa figo, kwa sababu aliyepandikizwa huacha kiti na mwingine akakaa. Kwa hiyo kila wiki tulikaa: madaktari, wauguzi, mtu wa ustawi wa jamii. Majina mezani, nafasi chache. Mwenye moyo mbovu sana hakupita. Mwenye saratani hakupita.

Msidhani ni ukatili wa mji mmoja. Seattle kule Marekani, mashine za mwanzo za muda mrefu zilipoanza miaka ya 1960, waliundiwa kamati ya raia saba, wengi wao si madaktari, wachague nani aishi. Nchi ile ilikuja kupitisha sheria ya kumlipia karibu kila mgonjwa mwaka 1972 tu. Na Afrika Kusini kwenyewe, mwaka 1997, mgonjwa mmoja wa Durban aitwaye Soobramoney alikwenda mpaka Mahakama ya Katiba kudai mashine. Majaji walimhurumia, lakini walisema serikali haiwezi kulazimishwa kutoa isichokuwa nacho. Hakuishi muda mrefu baada ya hukumu.

Kusoma habari hizo ni kitu kimoja. Kumwambia mtu ana kwa ana ni kitu chengine. Mume wa mama mmoja aliniuliza, "Daktari, nimepita pale nimeona kiti kitupu. Kwa nini mke wangu asikae?" Kiti kilikuwa kitupu kwa nusu saa tu, kati ya mgonjwa na mgonjwa. Lakini utamwambiaje mtu hivyo?

Mwalimu wangu, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, alinifundisha. Usiseme maneno hayo umesimama. Vuta kiti. Zima simu. Sema "hapana" mapema, usimzungushe mtu nusu saa akadhani kuna ndiyo mwisho wake. Kisha usiondoke. Mwambie utakachomfanyia: dawa ya kupunguza pumzi kubana, ya muwasho, ya kuvimba, ya kichefuchefu, na simu ya kupiga usiku. Kukosa mashine si kufukuzwa hospitali. Yule mama tulimhudumia nyumbani kwake mpaka mwisho, na mumewe ndiye aliyekuja kunishukuru. Sikujua niiweke wapi shukrani ile.

Usiku wa siku za kikao mimi na mwenzangu tulikuwa hatuzungumzi kazi. Tulipika. Yeye nsima, mimi mchuzi wa nazi. Tukila, tukanyamaza, kisha kila mmoja akasali sala yake. Nadhani bila ya meza ile mmoja wetu angerudi kwao kabla ya wakati.

Uhaba ule ule pia huzaa akili. Mwaka 2008, katika hospitali ya Groote Schuur, daktari mpasuaji Elmi Muller alianza kuwapandikiza wagonjwa wenye virusi vya Ukimwi figo za marehemu waliokuwa na virusi hivyo hivyo. Kabla ya hapo figo zile zilikuwa hazitumiki, na wagonjwa wale hawakuwa na pa kwenda.

Na jambo moja kuhusu sisi wanawake. Kila lilipokuja suala la mtu wa kutoa figo akiwa hai, niliowaona mlangoni wengi walikuwa mama, mke, dada. Wanaume walikuwepo, siwadhulumu. Lakini wa kwanza kukunja mkono wa nguo atolewe damu ya kupimwa alikuwa mwanamke.

Ramadhani ya baridi

Ramadhani ya 2018 iliangukia Mei, ambako kule ni kuelekea kipupwe. Jua linazama kabla ya saa 12 jioni, na wazee wanateremka ufukweni Sea Point kutazama mwezi. Mfungo ni mwepesi, lakini kwa mwenye figo mbovu si salama kila mara. Kwa kuwa nilikuwa Muislamu, wagonjwa waliletwa kwangu. Mzee mmoja aliniambia hajawahi kula mchana wa Ramadhani tangu utoto wake. Nilijua anachokipoteza, kwa sababu na mimi ningekililia. Tulimpigia simu imamu wake, tukazungumza watatu, na mzee akakubali kulisha maskini badala ya kufunga. Dini yetu imeacha mlango wazi kwa mgonjwa. Kazi ni kumshika mkono apite bila ya kujiona amepungua.

Kurudi

Novemba 2017, nikiwa bado huko, zilifika habari kwamba Muhimbili wamepandikiza figo kwa mara ya kwanza nchini, wakisaidiana na madaktari kutoka India. Nilimpigia bi mkubwa. Akaniuliza neno moja tu: "Basi utarudi?"

Nilipomaliza nilikuwa na nafasi ya kazi pale pale mjini, kliniki ya watu binafsi, mshahara wa kunijengea nyumba mbili. Sitawadanganya kwamba sikuutamani. Nilikaa nao wiki tatu. Kilichoniamulia ni hesabu. Pale mjini ningekuwa daktari wa figo mmoja zaidi kati ya wengi. Kwetu wagonjwa wa mashine wapo Mnazi Mmoja, na nyuma yao wapo wengi zaidi ambao bado hawajajua kwamba wako njiani kwenda kwenye mashine. Hao ndio ninaowataka. Mashine inamkuta mtu mwisho wa safari, na kikao kile kilinionyesha mwisho wa safari ulivyo.

Kwa hiyo siku hizi nikialikwa shughulini nakwenda na kipimo cha presha mkobani, na mashoga zangu wananicheka. Wacheke, lakini wanyooshe mikono.

Na wewe unayesoma, nakuomba mambo manne. Pima presha na sukari, hata kama huumwi. Ukiwa na mojawapo, omba upimwe mkojo kama una protini na damu kwa kreatinini, angalau mara moja kwa mwaka. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni usizifanye peremende za kila siku, wala usimnunulie mama yako dukani kila kiuno kinapomuuma. Na kama ulipata presha au kifafa cha mimba, usisahau kwa kuwa mtoto amekua salama: mwambie daktari wako, maana figo na moyo wako vinahitaji kuangaliwa maisha yako yote.

Wiki hii, ukienda kumtazama mama au shangazi, muulize mara ya mwisho kupima presha ilikuwa lini. Akisema hakumbuki, mpeleke wewe mwenyewe. Mwenyezi Mungu atupe afya sote na awape subira walio kwenye mashine, na wale wanaowasubiri nje. Amin.