Tumbo la Mbuzi wa Laini Saba

Nikiitwa katika mtaa wa Laini Saba kumwona mbuzi aliyekataa kula, huanza kwa kumbonyeza ubavu wa kushoto. Huko ndiko liliko tumbo la kwanza, lile kubwa linalochachusha majani kabla hayajarudi mdomoni kucheuliwa. Likiwa zima, mkono hulihisi likijikaza na kulegea, mara moja au mbili kwa dakika. Likijaa plastiki huwa gumu na halitikisiki.

Mbuzi wengi ninaowatibu hushinda kando ya reli na kwenye mitaro, wakichokoa maganda ya ndizi, ugali uliolala na majuala. Hawali juala kwa ujinga. Lina chumvi ya chipsi, lina masazo ya mchuzi, na mnyama aliyepungukiwa na madini hutafuna chochote chenye ladha. Plastiki haisagiki tumboni, na mbuzi hawezi kuitapika. Husokotana na kamba na nywele bandia mpaka ikawa donge. Mbuzi anakonda mgongo huku tumbo likifura, na mwenyewe ananiambia kwa furaha, "Daktari, huyu ana mimba." Kumjibu "Hapana, mama" ni kazi ngumu kuliko sindano yoyote.

Wengine humnywesha mafuta ya kupikia. Gesi huenda ikapungua, donge linabaki palepale. Dawa yake ni kupasua ubavu na kulitoa kwa mkono, lakini gharama mara nyingi hupita bei ya mbuzi mwenyewe. Basi anauzwa kwa mchinjaji angali anasimama, naye alikuwa ndiye karo ya mtoto.

Tangu tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ni marufuku Kenya, kwa faini ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka 4. Naiunga mkono sheria hiyo kwa moyo wote. Hata hivyo karatasi za plastiki za mkate zimebaki, na kamba za plastiki za kufungia maboksi pia.

Wateja wangu nawaambia waning'inize jiwe la chumvi zizini, na mbuzi asifunguliwe kabla ya kushiba majani ya kabichi. Na kwa kuwa lori la taka haliingii vichochoroni, nawaomba wachange kidogo kila juma, vijana wa mikokoteni wazoe plastiki kabla mifugo haijatoka. Baadhi yao wamekubali.