Kunyanyua gari la familia si kuongeza spesa tu

Gari lililoshushwa huwapendeza vijana wa mjini. Mwenye gari hukata springi au hufunga fupi, bodi ikakaribia matairi. Shida huanza linapouzwa kwa mtu mwenye familia.

Baba mmoja wa Makanyagio, mjini Mpanda, alinunua gari la namna hiyo kwa sababu bei ilikuwa nafuu. Kwenye lami hakuona tatizo. Lakini wazazi wake wanaishi kijijini, upande wa Karema, na mkewe alikuwa na mimba ya miezi saba. Kila walipopita kwenye shimo, uvungu ulikwaruza chini na mama akashika tumbo.

Fundi alimshauri aongeze spesa, vile vipande vya mpira au chuma vinavyowekwa kwenye springi. Gari likanyanyuka kweli. Mkewe alipopanda akauliza, "Baba watoto, mbona linarusha vilevile?"

Swali lake lilikuwa sahihi. Springi hubeba uzito wa gari. Shokapu huzuia lisiendelee kudunda. Springi iliyokatwa ikiongezewa spesa hubaki fupi na ngumu, na shokapu iliyochoka hubaki imechoka. Abiria huumia mgongo, tairi hupoteza mshiko kwenye changarawe, na gari huchelewa kusimama dereva anapofunga breki.

Springi na shokapu mpya zilihitaji pesa, na pesa iliyokuwepo ndani ilikuwa ya kujifungulia. Mama akakataa isiguswe. Wakakubaliana safari za kijijini zisimame. Babu na bibi ndio wakaja mjini kwa basi. Gari lilitengenezwa baada ya kuuza mpunga, mtoto akiwa ameshazaliwa.

Mzazi mwenye mpango kama huo azingatie haya:

Rudisha gari kwenye kimo cha kiwandani. Likinyanyuliwa kupita kiasi, huyumba kwenye kona na ni rahisi kupinduka.

Nunua springi na shokapu zinazoendana na aina ya gari lako, na zibadilishwe kwa jozi, kushoto na kulia. Shokapu inayovuja mafuta imekwisha.

Fundi awe na kifaa cha kubana springi. Springi iliyobanwa ikifyatuka inaweza kuua, kwa hiyo watoto wasisogee gereji.

Baada ya kazi, pima mwelekeo wa magurudumu na urekebishe taa za mbele, maana gari likipanda, mwanga nao hupanda.

Springi mpya hazichukui nafasi ya mkanda. Mtoto asipakatwe, awe na kiti chake kinachofaa umri wake. Mjamzito apitishe mkanda wa chini chini ya tumbo, juu ya nyonga, na ule wa juu katikati ya matiti. Akipata maumivu ya tumbo, akitokwa damu au maji baada ya safari ya mashimo, aende kituo cha afya mara moja, asisubiri tarehe ya kliniki.