Mdhamini

Kwa muda wa miaka 11, msomaji, nilitunza hesabu za hoteli moja kubwa iliyo ufukoni, kaskazini ya kisiwa cha Mombasa. Nilijua bei ya trei ya mayai, bei ya kilo ya kamba, na idadi ya mashuka yaliyochanika kwa mwaka. Mpishi hakuweza kuniongopea juu ya dumu moja la mafuta. Lakini kama ungalinijia jioni nyumbani kwangu ukaniuliza sukari ya nyumba ile ilinunuliwa kwa kiasi gani, nisingalikuwa na jibu la kukupa. Hesabu za watu wengine zilikuwa wazi mbele yangu kama kiganja cha mkono. Zangu mwenyewe sikupata kuzitia macho.

Mshahara wangu ulikuwa shilingi 140,000 kwa mwezi. Ninautaja, si kwa majivuno, kwani majivuno yake yamekwisha, bali ili uelewe yanayofuata. Kabla haujanifikia mkononi ulikwisha kukatwa kodi, na akiba ya uzeeni, na bima ya matibabu, na tena malipo ya mkopo niliochukua katika chama chetu cha akiba na mikopo, ambacho watu hukiita sako. Makato hayo yalifanywa na karani niliyemwamuru mimi mwenyewe, lakini kwa kuwa hayakupita mikononi mwangu sikuyahisi. Kilichobaki nilikiita mshahara wangu, nikakitumia chote, na mwezi ulipofika ukingoni nikakopa kidogo kwa simu hadi siku ya malipo.

Sharti nikueleze mambo ya ule mkopo wa sako, maana ndio kiini cha habari hii. Katika chama cha namna hiyo kila mwanachama huweka akiba kila mwezi. Akiwa na akiba ya kutosha aweza kukopa, mara nyingi hata mara tatu ya akiba yake. Na kwa kuwa fedha anazokopa ni jasho la wenziwe, hana budi kuleta wadhamini. Mdhamini hutia sahihi kwamba mkopaji akishindwa kulipa, yeye atalipa, na akiba yake mwenyewe huwekwa rehani kwa ahadi hiyo. Mimi nilikopa shilingi 600,000 ili kuongezea bei ya motokaa. Nilihitaji wadhamini watatu. Wawili niliwapata ofisini. Wa tatu nilimwita kutoka chumba cha kufulia nguo.

Alikuwa dobi, mtu mzima aliyenizidi umri kwa miaka isiyopungua 15, mwenyeji wa Rabai. Mshahara wake haukufika robo ya wangu. Nilimwekea karatasi mezani, nikamwonyesha mahali pa kutia sahihi, naye akauliza swali moja tu: "Hapa, Bwana Mhasibu?" Hakuuliza ni mkopo wa kiasi gani. Nawe fikiri, angaliuliza vipi? Mimi ndiye niliyepitisha mshahara wake kila mwezi. Wakati ule niliona kwamba nimemwomba hisani. Leo naona kwamba nilimwamuru.

Tarehe 13 Machi 2020 serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona katika Kenya. Tarehe 25 ya mwezi uo huo ndege za abiria kutoka nchi za nje zikasimamishwa, nazo hazikurejea mpaka tarehe 1 Agosti. Hoteli ya watalii isiyo na ndege ni kama kisima kisicho na maji. Vitanda vilifunikwa, bwawa likakaushwa, na mwisho wa mwezi wa Aprili baadhi yetu tukaachishwa kazi na wengine, miongoni mwao yule dobi, wakapewa likizo isiyo na malipo wala kikomo.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yataka mfanyakazi aliyepunguzwa kazini alipwe si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka mzima aliotumikia. Kwangu zilikuwa siku 165. Baada ya kodi na madeni madogo niliyokuwa nayo hotelini, nilipokea shilingi 540,000. Sikupata kushika fedha nyingi namna ile kwa mara moja, na kwa hakika zilinilevya.

Hapa ndipo lilipoanza kosa, na nakuomba uliangalie vema, kwa sababu si kule kuachishwa kazi. Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu kwamba tumepewa likizo ya muda na kwamba hoteli inaendelea kutulipa. Nilijitetea moyoni kuwa simdanganyi, ninamkinga tu na wasiwasi. Fedha zile nikaziacha benki, na kila mwisho wa mwezi nikajilipa mshahara wa shilingi 90,000 kana kwamba mimi ni hoteli na pia ni mtumishi wake. Kodi ya nyumba ya Nyali, shilingi 35,000, ililipwa. Nyama ililiwa. Motokaa iliharibika mwezi wa Julai, nikaitengeneza kwa shilingi 24,000, hali haikuwa na mahali pa kwenda ila dukani. Baadhi ya asubuhi nilivaa barakoa nikaiendesha hadi karibu na lango la hoteli, nikakaa ndani yake saa mbili, nikarudi na kusema nilikuwa nakagua vitabu.

Mkopo wa simu nao niliuendeleza. Nilikopa shilingi 10,000 kwa ada ya saba na nusu kwa mia, nilipe baada ya siku 30. Shilingi 750 ni kitu gani? Nililipa, nikakopa tena siku iyo hiyo. Tangu Aprili hadi Septemba nilifanya hivyo mara sita. Yaani nililipa ada ya shilingi 4,500 na bado nadaiwa zile 10,000 za kwanza. Ukipiga hesabu ya mwaka mzima utapata ada ya shilingi 90 kwa kila mia. Sako yetu ilitoza moja kwa mia kwa mwezi. Nilikuwa na shahada ya hesabu, na nilihitaji kufukuzwa kazi ndipo nifanye hesabu hiyo ya mtoto wa shule ya msingi.

Na ule mkopo wa sako je? Mshahara ulipokoma, makato yalikoma, na mimi niliyekuwa sijapata kuyaona sikuyakumbuka. Au niseme kweli: niliyakumbuka, maana chama kiliniletea barua nne. Nilizificha chini ya zulia la motokaa.

Siku moja ya Septemba, alasiri, yule dobi alikuja nyumbani. Mimi nilikuwa langoni mwa hoteli katika kazi yangu ya kukaa. Mke wangu alimkaribisha, akamtilia maji, na mzee akatoa bahasha mfukoni akamwomba amsomee, kwa kuwa miwani yake ilivunjika. Barua ilisema kwamba mkopaji ameshindwa kulipa kwa miezi mitano, na kwamba chama kitakata sehemu ya deni katika akiba ya kila mdhamini. Alikuwa na shilingi 81,000 alizoweka kwa miaka tisa ili aezue makuti ya nyumba yake aezeke mabati. Fungu lake la deni langu lingezidi shilingi 66,000.

Niliporudi alikwisha kuondoka, akihofia kukutwa njiani na amri ya kutotoka nje usiku. Barua ilikuwa mezani. Nilikuwa nimejiwekea maneno mengi tayari kwa siku kama ile: ugonjwa, serikali, wenye hoteli. Mke wangu hakunipa nafasi ya kuyatumia.

"Baba watoto," alisema, "kazi haikukutoka kwa kosa lako, na ungaliniambia siku ile ile ningalilia nawe. Lakini mzee huyu amekukosea nini?"

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Hawakutuambia kwamba harusi yaweza kuwa kwako na matanga yakawa Rabai. Ugonjwa haukuwa kosa langu. Lakini si ugonjwa uliozificha barua nne chini ya zulia.

Usiku ule tuliketi mezani na daftari la mistari lililokuwa la mmoja wa watoto. Tulimwita na binti yetu mkubwa, aliyekuwa kidato cha pili, yaani rika lako wewe unayesoma. Nilipoanza kumweleza kwa kuzungukazunguka, alinikatiza kwa adabu: "Baba, tangu mwezi wa tano hujapiga pasi hata shati moja. Sisi tulijua." Kumbe niliyekuwa nikifichwa ni mimi.

Tuliandika madeni kwanza. Sako, pamoja na riba iliyolimbikizwa, shilingi 399,000. Shule ya wadogo wawili, 48,000. Simu, 10,750. Kisha tukaandika tulicho nacho: benki 66,000, akiba yangu katika sako 200,000, motokaa. Mke wangu akanyamaza kidogo, akaenda chumbani, akarudi na kijitabu cha chama cha wanawake wa mtaani. Alikuwa na shilingi 46,000. Nilinyoosha mkono kuziandika, akaufunga mkono wangu juu ya kalamu. "Hizi," alisema, "ni za chakula. Deni lako lilipwe na motokaa yako."

Nilibishana juu ya motokaa kwa siku mbili. Nilisema itanisaidia kutafuta kazi. Nilisema bei za wakati ule ni mbaya. Yote yalikuwa kweli kiasi. Binti yangu aliandika kwa penseli gharama yake ya mwezi, mafuta na bima na mafundi, akaliacha daftari wazi penye kiti changu. Siku ya tatu nikatafuta mnunuzi. Nilipata shilingi 430,000 kwa kitu nilichokinunua kwa 750,000.

Nilikwenda ofisi ya sako nikajitoa uanachama ili akiba yangu ikatwe katika deni, nami nikalipa shilingi 199,000 zilizosalia. Karani alinipa barua tatu za kuwaachilia wadhamini. Aliniambia atazituma, nikasema ya mmoja nitaipeleka mwenyewe.

Nilipanda matatu hadi Mazeras, nikashika njia ya Rabai. Nilimkuta akisuka makuti chini ya mwembe, nikaelewa yalikuwa ya nini. Kwa miaka 11 nilizoea yeye atangulie kunisalimu. Siku ile nilisema, "Shikamoo, mzee wangu," na neno likanikwama kooni kama mfupa. Aliitikia, akanipa kigoda. Nilimsomea barua mara mbili. Nilitaka anikaripie; ingalinipunguzia mzigo. Aliuliza tu kama wale wengine wawili nao wameachiliwa, na niliposema ndiyo akaendelea kusuka, tukazungumza habari za mvua.

Mengine nitayapitia kwa haraka. Tulihamia Mtopanga katika nyumba ya shilingi 12,000. Shule zilipofunguliwa kwa wanafunzi wote mnamo tarehe 4 Januari 2021, wadogo walikwenda shule ya serikali iliyo karibu. Mmoja alilia juma zima, wa pili alipata rafiki siku ya kwanza. Mimi nilianza kuwaandikia hesabu wachuuzi wa soko la Kongowea, shilingi 500 kwa juma kwa kila kibanda, na asiye na fedha alinilipa nyanya. Mshahara wa zamani haukurudi, wala sitakudanganya kwamba siutamani. Zipo siku nisimamapo kituoni mvua ikininyeshea nikaiona motokaa ya rangi ile, nami hugeuza uso. Daftari lingali linaandikwa kila Jumapili jioni. Binti alipokwenda chuoni alimkabidhi mdogo wake, ambaye ni mkali kuliko dada yake na hakubali neno "mengineyo".

Mwishoni mwa mwaka 2021 nilijiunga tena na sako kwa shilingi 1,000 kwa mwezi. Desemba ya mwaka uliofuata dobi wangu alinitafuta Kongowea. Hoteli ilikuwa imemrudisha kazini, na mabati alikwisha kuezeka. Sasa alitaka mkopo wa mashine ya kufulia ili afue nguo za watu kwake siku za mapumziko. Alikunjua karatasi juu ya gunia la viazi, akaniambia amebakiwa na nafasi ya mdhamini mmoja.

Nilimwambia ukweli, kwamba akiba yangu mle ni shilingi 14,000 tu. Aliitazama karatasi, akanitazama mimi, akacheka mpaka muuza viazi akageuka.

"Zitatosha mlango wa mashine," alisema, akanipa kalamu.

Nilimwomba anisubiri kidogo. Nikaisoma karatasi yote tangu juu hadi chini, nikamwuliza ni mkopo wa kiasi gani, na atalipa kwa miezi mingapi, na mke wake ana habari. Alinijibu yote, moja baada ya jingine. Ndipo nikauliza, "Hapa, mzee wangu?"